Kupanda Kedarnath na Mama

Jumamosi, Haridwar

Treni ya Delhi ilitushusha Haridwar kabla ya adhuhuri, na Mama hakutaka kusikia habari ya hoteli. Mtoni kwanza. Baba aliondoka duniani akiwa na nadhiri ya kwenda Kedarnath, hekalu la mungu Shiva lililoko mita 3,583 juu ya usawa wa bahari, kwenye milima ya Himalaya, jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India. Aliiweka alipokuwa kijana Tanga, akaiahirisha kwa sababu ya duka, kisha kwa sababu ya ada zetu za shule, mwisho kwa sababu ya moyo uliokuwa umechoka. Mama ameamua kuitimiza kwa niaba yake, ingawa goti lake la kulia halimpi raha hata akipanda ngazi za nyumbani.

Sehemu ya majivu ya Baba tuliimwaga baharini kule kwetu. Iliyobaki ilisafiri ndani ya kikopo cha shaba kilichofungwa kitambaa chekundu, na mkoba uliokibeba Mama hakumwachia mtu tangu tulipoondoka Dar es Salaam. Tukakipeleka Har ki Pauri, penye ngazi zinazoshuka mpaka ndani ya mto Ganga. Mto umetoka milimani hivi punde na ndipo unaingia tambarare, kwa hiyo maji ni ya baridi na yana nguvu. Wanaooga hushika minyororo iliyofungwa kwenye ngazi wasije wakachukuliwa. Kuhani alisoma, Mama akamimina, na kwa muda mfupi sana tukayaona majivu juu ya maji.

Kisha tukaenda kwa panda. Hawa ni makuhani wa koo, na kazi yao mojawapo ni kutunza vitabu vya nasaba. Ukifika hawaulizi unaishi wapi siku hizi. Wanataka kujua asili ya babu zako, kijiji gani, ukoo gani. Tulijibu: Kutch, Gujarat, karibu na Mandvi, bandari ambayo majahazi yake yalikuwa yakija Zanzibar na pwani yetu kwa upepo wa kaskazi. Tukaelekezwa kichochoroni, ghorofani, kwa mzee mmoja. Vitabu vyake ni virefu na vyembamba, vimekunjwa na kufungwa kamba. Alifungua kimoja, akakifunga, akafungua kingine. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima. Hatimaye akaweka kidole juu ya mstari na kuusoma kwa sauti: jina la babu yangu, jina la baba yake, na mahali alipotoka, Afrika. Babu alifika hapa kuleta majivu ya mama yake na akatia sahihi kwa Kigujarati. Chini ya sahihi hiyo ukurasa ulikuwa wazi. Mama akaandikisha ndoa yake na Baba, sisi watoto, wajukuu, tarehe ya msiba, na mji: Tanga, Tanzania. Mzee alimshikia karatasi isiteleze.

Usajili wa safari tuliumaliza alasiri. Ni wa lazima kwa kila anayekwenda kwenye mahekalu manne ya Char Dham, yaani Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath, na haulipiwi. Mgeni hutumia pasipoti. Jioni tulirudi mtoni kwa ibada ya taa, ambapo makuhani huinua mataa makubwa ya samli na umati mzima ukaimba pamoja. Mama alilala akiwa bado anaimba.

Jumapili, barabarani

Tuliondoka alfajiri kwa jipu la kukodi, pamoja na wazee wawili, mume na mke, kutoka Rajkot. Baada ya Rishikesh tambarare inakwisha ghafla. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili mto chini kabisa, na kila baada ya mwendo unakuta tingatinga likisukuma mawe yaliyoporomoka usiku.

Devprayag tulisimama. Hapo mito miwili, Bhagirathi na Alaknanda, inakutana, na ni kuanzia hapo ndipo maji yanaitwa Ganga. Ukisimama juu ya daraja unaziona rangi mbili zikienda sambamba kabla hazijachanganyika. Nilipata kuisoma habari hii tangu utotoni, katika vitabu vya hekaluni kwetu, lakini sikujua kwamba mto mtakatifu kuliko yote una mahali unapoanzia kuitwa jina lake, na kwamba mtu anaweza kusimama pale akanywa chai.

Mbele ya mji wa Srinagar, huu wa Garhwal, si ule wa Kashmir, dereva alipunguza mwendo, akagusa paji la uso na kuendelea. Tulikuwa tunapita kwa Dhari Devi. Sanamu ya mungu huyu wa kike iliinuliwa kutoka mahali pake tarehe 16 Juni 2013 ili kupisha maji ya bwawa la umeme, na usiku huohuo mafuriko yakaanza kuliangamiza bonde la Kedarnath. Wataalamu wanaeleza habari ya mvua iliyopita kiasi, theluji iliyoyeyuka na ziwa la barafu lililobomoka. Wenyeji wengi wanaeleza habari ya Dhari Devi. Nimesikia maelezo yote mawili kutoka kinywani mwa dereva huyo mmoja, na aliyaamini yote kwa moyo wake wote.

Rudraprayag ndipo mto Mandakini, unaotoka Kedarnath, unapoingia katika Alaknanda. Msomaji wa Kenya atapenda kujua kwamba mji huu una undugu na Nyeri. Kati ya mwaka 1918 na 1926 chui mmoja alikula watu 125 kwenye vijiji vya hapa na kwenye njia ya mahujaji, ambao enzi hizo walitembea kwa miguu tangu tambarare na kulala vibandani. Aliyemuua, Mei 1926, ni mwindaji Jim Corbett. Mwaka 1947 Corbett alihamia Kenya, akaishi Nyeri, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1955. Mzee wa Rajkot alisimuliwa habari za chui huyo na babu yake. Habari za kaburi la Nyeri alizipata kwangu, na alifurahi mno.

Tulilala Guptkashi. Hekalu la hapa linahusiana na kisa kizima cha safari yetu, kwa hiyo nikieleze. Ndugu watano wa Pandava, mashujaa wa utenzi wa Mahabharata, walishinda vita vya Kurukshetra, lakini waliowaua ni binamu zao, walimu wao, damu yao. Wakaambiwa wamwombe Shiva msamaha. Shiva hakutaka kuwaona. Akajificha milimani kwa umbo la fahali, na hapa Guptkashi wakamtambua. Bhima, mwenye nguvu kuliko wote, akamrukia. Fahali akazama ardhini, na Bhima akabaki ameshika nundu. Nundu hiyo ndiyo jiwe linaloabudiwa Kedarnath. Viungo vingine vilitokeza mahali pengine: mikono Tungnath, uso Rudranath, kitovu Madhyamaheshwar, nywele Kalpeshwar. Mahekalu hayo matano huitwa Panch Kedar. Kinachonigusa katika kisa hiki ni kwamba waliotoka kutafuta msamaha ni washindi.

Jumatatu, njiani

Jumatatu ni siku ya Shiva, na Mama hufunga kila Jumatatu. Tulibishana kidogo gizani tukisubiri jipu za zamu za Sonprayag, maana magari ya nje hayaruhusiwi kupita hapo. Nikamwambia kupanda mlima huku tumbo tupu ni hatari. Akanijibu, "Mwanangu, nimefunga Jumatatu tangu sijakuzaa." Tukakubaliana ale vinavyoruhusiwa kwa mfungaji: viazi vya kuchemsha, ndizi, maziwa, karanga.

Kutoka Sonprayag hadi Gaurikund ni kilomita 5. Gaurikund, mahali Parvati alipofanya toba kali ili aolewe na Shiva, pana chemchemi ya maji ya moto. Birika lake la zamani liliharibiwa mwaka 2013, lakini maji bado yanatoka, na mahujaji wanaoga hapo kabla ya kupanda. Kutoka hapo ni kilomita 16 kwa miguu, kutoka mita zipatazo 1,980 hadi 3,583, siku moja.

Wanaoujua Kilimanjaro wataelewa uzito wa jambo hilo. Kedarnath iko chini kidogo tu ya Horombo, ambayo ni mita 3,720. Kwa njia ya Marangu mtu hulala kwanza Mandara ndipo afike Horombo siku ya pili, na bado wengine wanaumwa kichwa. Hapa wazee wa miaka sabini wanapanda kwa pigo moja, wengi wao wakiwa wametoka tambarare juzi. Nawasihi wanaofikiria kuja: laleni walau usiku mmoja Guptkashi au Sonprayag, na msione haya kulala tena njiani.

Mama asingeweza kutembea kilomita zote hizo. Zipo njia kadhaa za kubebwa. Kuna helikopta zinazoruka kutoka Phata, Sersi na Guptkashi. Kuna machela inayobebwa na wanaume wanne. Kuna nyumbu, namaanisha wale wa mizigo wanaozaliwa na punda na farasi. Na kuna kandi, kapu lenye umbo la kiti ambalo mtu mmoja hulibeba mgongoni. Mama ni mwembamba, akachagua kandi. Tulimkodi kijana wa Nepal, kutoka magharibi mwa nchi hiyo, ambako wengi wa wapagazi wa hapa wanatoka. Alimwita Mama "Ama", mama kwa lugha yake.

Nataka nieleze jinsi anavyobeba, maana nilitembea nyuma yake mchana kutwa na hilo ndilo nililoliangalia zaidi kuliko milima. Uzito wa kapu unashikwa na mkanda mpana unaopita kwenye paji la uso, siyo mabegani. Shingo inanyooka mbele, na macho yanatazama hatua tatu tu za ardhi. Mkononi ana fimbo fupi nene yenye kichwa cha mlalo. Akitaka kupumua haketi, anaisimika fimbo chini ya kapu nyuma yake, kapu linakaa juu yake, naye anasimama wima akipumua kwa mdomo. Aliyebebwa hukaa akitazama nyuma. Kwa hiyo Mama na mimi tulitazamana njia nzima. Alikuwa ananiona mimi nikihema, mimi namwona yeye akilia, kisha akiimba, kisha akinikumbusha nifunge zipu ya koti.

Njia imejengwa kwa mawe, na ukingo wa chuma upande wa bonde. Jungle Chatti, halafu Bheembali: vibanda vya chai, tambi za moto, viazi, maji. Watu wanasalimiana kwa "Jai Kedar" na "Har Har Mahadev," wanaopanda na wanaoshuka, matajiri na wasio na viatu. Niliona sadhu, yaani mtawa, aliyevaa blanketi moja tu akipita kila mtu. Nyumbu wanapita kwa misafara na kengele zao, na inabidi ujibane upande wa mlima, kamwe usiwe upande wa bonde, maana wakisukumana hawana pa kukukwepa.

Baadaye njia inashuka mpaka mtoni na kuvuka daraja. Hapa palikuwa Rambara. Kabla ya Juni 2013 palikuwa kituo kikubwa, na maduka, nyumba za wageni, jikoni za kulisha mahujaji. Mafuriko hayakuacha ukuta. Njia ya zamani iliyokuwa ikipanda upande ule imefutika, na unaona bado michirizi ya mlima iliyochubuliwa hadi mwamba. Ndiyo sababu njia mpya inavuka kwenda upande wa pili na imekuwa ndefu zaidi. Watu zaidi ya 5,000 walikufa au hawakuonekana tena katika siku zile, na wengi hawakupatikana hata miili yao. Hakuna kuchomwa, hakuna majivu, hakuna ukurasa wa panda uliojazwa na mtoto wao. Mama alimwomba kijana asimame darajani. Alikuwa amebakisha maua ya Haridwar ndani ya mfuko wa plastiki, akayatupa yote mtoni.

Kuanzia Rambara hadi Lincholi ndipo penye mwinuko mkali, zamu baada ya zamu. Hewa imekuwa nyepesi, miti imekwisha. Mama alianza kulalamika kichwa na vidole vyake vilikuwa vya baridi. Kijana akamteremsha kibandani, akamvua soksi, akamsugua nyayo kwa mikono yake miwili, akamnywesha maji ya moto kidogo kidogo. Hakukuwa na haraka yoyote katika mikono ile, wakati malipo yake ni kwa safari, si kwa saa. Tulipumzika mpaka rangi ikamrudia usoni.

Mawingu yalifunguka karibu na Rudra Point. Kilele cha Kedarnath, mita 6,940, kilijitokeza kwa ukamilifu, cheupe, karibu kuliko nilivyodhani mlima unaweza kuwa. Oktoba ina faida hiyo: mvua zimekwisha, mbingu ziko wazi, na msongamano wa Mei na Juni haupo.

Penye mahema ya kambi ya chini Mama aliomba ashushwe. Alisema Baba aliweka nadhiri ya kutembea, siyo ya kubebwa, na kipande hiki cha mwisho atakitembea. Alinishika mkono huu, kijana akamshika ule, na kapu tupu likabaki mgongoni kwa kijana. Tulikwenda polepole sana. Tulivuka daraja, tukaingia njia pana iliyojengwa upya inayonyooka hadi hekaluni, na hekalu likawa mbele yetu: mawe makubwa ya kijivu yaliyopangwa juu ya jukwaa, paa la mbao, Nandi, fahali wa Shiva, amekaa nje akilikabili lango. Ibada ya jioni ilikuwa imeanza. Usiku huo sanamu ya ndani huvikwa mapambo na watu huitazama kwa mbali. Tulitazama kwa mbali. Mama alifungua saumu yake kwa wali wa dengu uliokuwa ukigawiwa bure kwa kila aliyefika.

Jumanne, Kedarnath

Baridi ilikuwa ya kugandisha maji ndani ya ndoo. Tulipanga foleni gizani, maana asubuhi, wakati hakuna umati mkubwa, mahujaji huruhusiwa kuingia chumba cha ndani kabisa na kuligusa jiwe kwa mikono yao. Ukumbini unapita sanamu za Pandava watano na Draupadi, mke wao. Simu haziruhusiwi, jambo ninaloliunga mkono kabisa.

Kedarnath ni mojawapo ya mahali 12 pa jyotirlinga, ambapo Shiva anaaminika kujidhihirisha kama nuru. Ya kwanza kutajwa ni Somnath, kwetu Gujarat, kando ya bahari. Hii iko juu kuliko zote. Kwingi lingamu, alama ya Shiva inayoabudiwa, ni jiwe laini. Hapa ni mwamba wenyewe, wa pembe tatu, wenye kukwaruza, umetoka ardhini kama ulivyo. Unalipaka samli. Kuhani alimwekea Mama donge la samli viganjani, naye akalipaka kwa viganja vyote viwili, kisha akaliegemeza paji la uso wake kwenye jiwe. Alitaja jina kamili la Baba. Mimi nilipogusa, jiwe lilikuwa la baridi chini ya samli, na nilisikia kila kinundu. Kuta za chumba hicho zilivikwa dhahabu mwaka 2022. Najua waliofanya hivyo walifanya kwa mapenzi, lakini nadhani mwamba ule haukuhitaji kitu kingine cha kung'aa karibu nao.

Jambo jingine lililonipendeza ni hili: kuhani mkuu, anayeitwa Rawal, hutoka jamii ya Virashaiva ya Karnataka, kusini mwa India, safari ya zaidi ya kilomita elfu mbili. Haendeshi ibada za kila siku yeye mwenyewe. Wanaofanya hivyo ni makuhani walio chini yake. Milima ya kaskazini kabisa imekabidhiwa kwa watu wa kusini, na utaratibu huo unashikiliwa hadi leo.

Nyuma ya hekalu kuna Bhim Shila, jabali lililoliokoa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2013 maji yalifika, na asubuhi ya tarehe 17 ziwa la Chorabari, kama kilomita 2 juu ya hapa, lilipasua ukingo wake na kuteremka na mawe na matope. Jabali hili lilisukumwa mpaka nyuma ya hekalu, likasimama, na mkondo ukagawanyika kushoto na kulia. Mji uliolizunguka hekalu pande zote ukabomolewa. Hekalu likabaki, na baadhi ya watu waliokuwa wamejifungia ndani wakaokoka. Leo watu hulifunga jabali nyuzi nyekundu na kuliabudu. Karibu nalo ni mahali pa kumbukumbu ya Adi Shankaracharya, mwanafalsafa anayeaminika kumalizia maisha yake hapa. Palisombwa pia, pakajengwa upya, na sanamu yake ikazinduliwa na Waziri Mkuu Narendra Modi tarehe 5 Novemba 2021.

Nilimwuliza Mama kwa nini, anavyodhani yeye, Mungu alizuia jiwe lisigonge hekalu na hakuzuia maji yasichukue watu. Hakunikemea. Alikaa juu ya ngazi akiangalia jabali kwa muda, akasema hajui, na kwamba hata Pandava walifika hapa wakiwa na maswali ya wafu wao.

Mchana nilipanda peke yangu kwa Bhairavnath, mlinzi wa bonde wakati wa baridi ambapo hakuna binadamu. Kutoka pale unaona mji wote mpya, kuta za kinga zilizojengwa juu yake, na korongo jeupe ambalo maji yalipita.

Jumatano, kushuka

Kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda, na mvua nyepesi ya alfajiri ilikuwa imefanya mawe yateleze. Chini ya Lincholi tulikuta nyumbu ameanguka. Alikuwa amebeba mitungi ya gesi, miguu ya mbele imekunjika, povu mdomoni. Mwenye naye alimpiga mara mbili kwa fimbo, kisha akaacha, akaketi karibu naye akafunika uso kwa mikono. Kijana wetu alimteremsha Mama taratibu, akaenda kufungua kamba za mitungi. Wapita njia wengine wakasaidia. Baada ya muda nyumbu akainuka akitetemeka, na mitungi ikagawanywa kwa wengine. Sisemi watu wasipande nyumbu. Wapo wasio na njia nyingine, na bonde zima linakula kwa kazi hiyo. Nasema umtazame mnyama kabla ya kulipia. Angalia kwato, angalia vidonda chini ya tandiko, uliza leo amekwisha kupanda mara ngapi. Ukiona kasoro kataa, hata kama kibanda kinakuharakisha. Safari ya kuomba msamaha isijengwe juu ya mgongo uliochubuka.

Pale kwenye chai kijana alituuliza kama tumesikia habari za kamba. Machi 2025 serikali ya India iliidhinisha mradi wa magari ya kamba kutoka Sonprayag hadi Kedarnath, kilomita 12.9, ambao utapunguza safari ya saa 8 au 9 kuwa dakika 36. Alitaka kujua wenzetu wa Tanzania, ambao Mama alimsimulia habari za Kilimanjaro, wanafanyaje: je, kule wapagazi bado wapo? Nikamwambia wapo, tena kwa maelfu, na kwamba huko nako habari ya magari ya kamba imewahi kujadiliwa na wapagazi wakaipinga. Akatikisa kichwa na kunywa chai yake.

Nimelifikiria hilo tangu siku ile. Baba, kwa moyo aliokuwa nao, angefika kwa kamba, na asingefika kwa njia nyingine yoyote. Siwezi kuwanyima wazee wa watu wengine nafasi aliyoikosa wangu. Lakini mji ule umekaa katikati ya mito miwili chini ya barafu inayoyeyuka, na kila aliyesimama Rambara anajua kwamba bonde lina idadi ya watu linaloweza kuwabeba. Kamba ikija, naomba ije pamoja na kikomo cha watu kwa siku kinachoheshimiwa, na kazi kwa hawa waliotubeba mpaka sasa. Bila hayo ninaipinga.

Gaurikund tulimlipa kijana kwa utaratibu wa kaunta, kisha Mama akampa chake pembeni, na koti la Baba la sufi ambalo yeye mwenyewe alilivaa huko juu. Kijana akainama akamgusa miguu. Mama akambariki kwa Kigujarati na kwa Kiswahili, maana baraka zake nzito huzitoa kwa Kiswahili.

Alhamisi, Ukhimath

Kabla ya kurudi Haridwar tulivuka bonde kwenda Ukhimath, mji unaotazamana na Guptkashi. Siku ya Bhai Dooj, mara baada ya Diwali, lango la Kedarnath hufungwa kwa miezi kama sita ya theluji, na sanamu ya Shiva hubebwa ndani ya machela, kwa miguu, ikilala Rampur na Guptkashi, mpaka hapa kwenye hekalu la Omkareshwar. Naye hubebwa mabegani mwa watu, njia ileile. Ibada zake za majira ya baridi zote hufanyika hapa, kwa hiyo asiyeweza kupanda kabisa, mgonjwa au mzee sana, anaweza kuja Ukhimath kwa gari na kumwona bila kupungukiwa kitu. Laiti tungelijua hili wakati Baba yuko hai.

Makuhani walikuwa wakisafisha ua kwa maandalizi. Mama alimwuliza mmoja wao lini lango litafunguliwa mwakani. Akajibiwa kwamba tarehe hutangazwa hapahapa siku ya Maha Shivaratri, sikukuu kubwa ya Shiva, baada ya kutazama kalenda ya nyota, na kwa kawaida huangukia mwisho wa Aprili au Mei. Mama akatoka nje, akampigia simu mama mdogo aliyeko Mombasa. Mama mdogo aliuliza kama kweli ni lazima kutembea. Akaambiwa aanze kesho asubuhi, Mama Ngina Drive mpaka feri na kurudi, kila siku, na viatu avinunue sasa hivi ili vipate kulainika, na Shivaratri ikifika akae karibu na simu.